Joto kwa yabisi, kimiminika na gesi: jaribio lipi ufanye na mtoto nyumbani?

Mtoto anarudi kutoka shule na daftari la Sayansi. Kazi ya nyumbani imeandikwa mstari mmoja tu: onyesha jinsi joto linavyoathiri yabisi, vimiminika na gesi. Mzazi ana majaribio matatu ya kuchagua na jioni moja ya kufanyia. Wengi huchagua lile lililochorwa kitabuni, la tufe la chuma linalopita kwenye pete likiwa baridi na kukwama likiwa la moto, halafu hugundua usiku kwamba hawana tufe wala pete.

Nitasema chaguo langu mapema ili mwenye haraka asisome hadi mwisho. Kama ni jaribio moja tu, fanya la kimiminika, kwa chupa ya soda ya glasi. Kama mtoto hajafika miaka minane, au huna maji ya moto, fanya la gesi. La yabisi ni zuri, lakini linataka mtu mzima aliyetulia, mahali pasipo upepo, na subira ambayo watoto wengi hawana saa moja usiku.

Sababu ya mpangilio huo iko kwenye kiasi. Joto hutanua vyote vitatu. Mwalimu ameshasema hivyo darasani. Asichosema mara nyingi ni kwamba havitanuki sawa hata kidogo. Chukua lita moja ya chuma, lita moja ya maji na lita moja ya hewa, vyote vikiwa kwenye nyuzi 25, kisha uvipashe hadi 55. Chuma kitaongezeka mililita 1 hivi. Maji yataongezeka mililita 11 au 12. Hewa, ikiachwa itanuke bila kuzuiwa, itaongezeka mililita 100. Moja, kumi na moja, mia. Mtoto akiishika hiyo, ameelewa zaidi ya nusu ya mada, na wewe umeshajua ni jaribio gani litaonekana kwa macho na lipi litahitaji ujanja ili lionekane.

Chanzo chake ni chembe. Ndani ya yabisi chembe zimeshikana kwa nguvu, kila moja mahali pake, na joto huzifanya zitetemeke zaidi mahali hapo hapo. Nafasi kati yao hupanuka kidogo sana. Ndani ya kimiminika bado zinavutana lakini zinapishana, kwa hiyo zina nafasi zaidi ya kusogeleana na kuachana. Ndani ya gesi hazishikani kabisa, na kinachozizuia ni kuta za chombo na hewa ya nje tu. Ndiyo maana gesi zote hutanuka karibu sawa, takriban sehemu moja ya 273 ya ujazo wake wa nyuzi sifuri kwa kila nyuzi inayoongezeka, ilhali kila kimiminika na kila yabisi ina kiasi chake.

Gesi: haraka, rahisi, na ina mtego

Jaribio la gesi linalopendwa ni la baluni kwenye mdomo wa chupa. Mimi naanza na jingine, la sarafu, kwa sababu halihitaji moto wowote.

Weka chupa tupu ya soda ya glasi kwenye friji kwa nusu saa, au ilaze kwenye beseni la maji baridi sana. Itoe, lowesha mdomo wake kwa maji, lowesha na sarafu ya shilingi kumi, kisha ifunike juu ya mdomo. Yale maji ndiyo yanayoziba mianya; bila hayo hewa hutoroka kimyakimya na hakuna kitakachotokea. Mtoto aikumbatie chupa kwa viganja viwili na atulie. Punde sarafu itainuka upande mmoja, itasema tik, itakaa tena. Kisha tena. Hewa ya ndani inahitaji kupata nyuzi moja au mbili tu ili shinikizo lake litoshe kuinua sarafu nyepesi kama hiyo.

Hapa mahali unapokaa panaleta tofauti. Kisumu mchana, nyumba ya mabati ikiwa imeshika joto lake, sarafu huanza kucheza kabla mtoto hajagusa chupa, kwa kuwa hewa ya chumba pekee inatosha kuipasha. Hilo si kasoro. Mwulize ni nani aliyeipasha. Nakuru asubuhi ya Julai, chumba chenyewe kinakaribia kuwa friji, na hapo viganja ndivyo vitakavyofanya kazi yote. Kama mikono ya mtoto ni baridi, mpe kwanza kikombe cha chai akishike.

Sasa baluni. Vaa baluni kwenye mdomo wa chupa ya plastiki ya nusu lita, simamisha chupa kwenye maji ya moto, na usitarajie baluni ya siku ya kuzaliwa. Hewa ya nusu lita ikitoka nyuzi 25 hadi 60 huongezeka chini ya mililita 60. Baluni itasimama, italegea upande, basi. Ukitaka isimame vizuri, anza na chupa iliyotoka kwenye friji: kutoka nyuzi 5 hadi 60 ongezeko ni karibu mililita 100. Pia ivute na uipulize baluni mara kadhaa kabla, maana mpira mpya ni mgumu na hula nguvu yote.

Mtego niliousema ni huu. Mtoto akiona baluni imesimama juu ya chupa, atakwambia, "Hewa moto imepanda juu." Ni kweli kwamba hewa moto hupanda, lakini hicho si kilichojaza baluni, na mtihani ukimwuliza atajibu vibaya kwa kujiamini kabisa. Dawa yake ni kugeuza chupa. Ishike baluni ikiwa inaelekea chini, funga kitambaa kwenye chupa, na umwagie kitambaa maji ya moto polepole juu ya beseni. Baluni itajaa vilevile, ikining'inia. Hewa imetanuka pande zote, haikuchagua njia ya juu. Ukifanya jaribio la baluni bila kugeuza chupa, ni afadhali usilifanye.

Kuna na lingine la kuchanganya, hasa kwa watoto wanaosafiri. Pakiti ya krispi iliyonunuliwa Kisumu huvimba kadiri gari linavyopanda Kericho na kuelekea Mau Summit. Watoto hudhani ni joto la ndani ya matatu. Kumbe huko juu kuna baridi zaidi. Kinachopungua ni shinikizo la hewa ya nje, na ile ya ndani ya pakiti inapata nafasi. Usiutumie mfano huu kwenye kazi ya joto.

Kimiminika: hapa ndipo nakaa

Vifaa ni chupa ndogo ya soda ya glasi, ile ya mililita 300, mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, plastisini au donge la unga wa ngano uliokandwa, na chai ya rangi. Ndiyo, chai. Iwe kali, bila sukari na bila maziwa, na iachwe ipoe kabisa. Watu huweka rangi ya keki kwenye maji ya mfereji na jaribio hukubali, ila maji ya mfereji yana hewa iliyoyeyuka ndani yake. Yakipashwa, viputo hutoka na kukusanyika chini ya kizibo, kisha hutanuka kwa kiwango cha gesi na kuharibu vipimo. Kiputo cha mililita 5 pekee huongeza zaidi ya sentimita 2 za uongo kwenye mrija. Chai ilishachemka, sehemu kubwa ya hewa yake imetoka, na rangi inayo tayari.

Jaza chupa hadi pomoni, kabisa kabisa, mpaka chai ifurike kidogo. Ingiza mrija sentimita chache, ziba pande zote kwa plastisini ukiikandamiza, na utaona chai imepanda kidogo ndani ya mrija. Weka alama hapo kwa kalamu. Inamisha chupa uone kama kuna kiputo kimejificha begani. Kama kipo, anza upya.

Kwa beseni, changanya maji yanayochemka na ya mfereji kwa kiasi sawa. Utapata karibu nyuzi 60, au pungufu kidogo ukiwa Nakuru. Usiitie chupa ya glasi kwenye maji yanayochemka. Glasi nene hupata joto upande wa nje kwanza, upande huo hutanuka huku wa ndani ukiwa bado baridi, na kuvutana huko huipasua. Ukitaka kumweleza mtoto kwa nini gilasi hupasuka inapomiminiwa chai ya moto, maelezo ndiyo hayo hayo.

Kabla ya kutumbukiza chupa mwambie mtoto aitazame alama yake na asipepese macho. Chai kwenye mrija itashuka. Kidogo tu, kwa muda mfupi, kisha itasita, kisha itaanza kupanda na haitarudi nyuma. Kule kushuka ndiko kunakonifanya nilipende jaribio hili kuliko mengine. Joto limefika kwenye glasi kwanza. Glasi imetanuka, chupa imekuwa kubwa kidogo, na chai ambayo bado haijapata habari imeshuka kujaza nafasi. Yabisi imetanuka mbele ya macho yako bila tufe wala pete. Halafu joto linapita kwenye glasi, linafika kwenye chai, na kwa kuwa kimiminika hutanuka mara nyingi zaidi ya glasi, kinashinda.

Hadi chai ifike nyuzi 55 hivi, ikiwa ilianza na 25, itakuwa imepanda karibu sentimita 16 kwenye mrija wa kawaida wenye upana wa milimita 5 kwa ndani. Inachukua dakika kadhaa, kwa hiyo uwe na maji mengine ya moto ya kuongeza. Mrija mfupi utafurika, pangusa uendelee.

Jambo jingine linalolipa jaribio hili ushindi ni kwamba haliishi jioni ile. Baluni itatupwa na sarafu itarudi dukani, lakini chupa hii ni kipimajoto. Dondoshea tone la mafuta ya kupikia juu ya chai ndani ya mrija ili isikauke, isimamishe mahali pasipo jua la moja kwa moja, na mtoto aweke alama asubuhi, saa nane mchana na usiku. Kwa mrija huo, kila nyuzi moja ya halijoto ya Kisumu huisogeza chai milimita 3 hadi 4. Ukitaka isogee zaidi, tumia mrija mwembamba zaidi. Upana ukipungua nusu, mwendo huongezeka mara nne.

Nimesema halijoto ya Kisumu kwa makusudi. Maji si kimiminika kitiifu. Yakiwa ya nyuzi 27 hutanuka kwa kasi inayozidi mara mbili ya yale ya nyuzi 12, na kadiri yanavyokaribia nyuzi 4 kasi hiyo huisha kabisa. Chini ya hapo, yakizidi kupoa yanatanuka badala ya kusinyaa. Mtoto wa Kisumu hatakutana na hilo. Wa Nakuru au Molo, akipima alfajiri, ataona alama zake zimebanana upande wa baridi na kuachana upande wa joto, na atadhani amekosea. Kwa watu wa huko nashauri mafuta ya kupikia ya maji badala ya chai. Hutanuka karibu mara tatu ya maji katika halijoto za kawaida, na hayana vituko vya nyuzi 4. Kasoro yake ni kwamba hayana rangi kali na kuosha chupa baadaye ni adhabu.

Usitumie spiriti, petroli wala mafuta taa. Spiriti hutanuka mara tano ya maji katika halijoto ya chumba, ndiyo maana imo kwenye vipimajoto vyenye uzi mwekundu, lakini karibu na jiko si mahali pake. Na kamwe chupa yenye maji isizibwe kabisa kisha ikapashwa. Lita moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke wa nyuzi 100 hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600, na chupa haina. Kuisahau chupa iliyojaa kwenye friza ni ubaya wa upande wa pili: maji yakiganda huongezeka karibu asilimia 9, nayo glasi hupasuka.

Yabisi: ukiwa na Jumamosi nzima

Tufe na pete achia maabara. Tufe la chuma la milimita 25, likipashwa kwa nyuzi 300 zaidi, huongezeka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ili likwame kwenye pete, pete yenyewe lazima iwe imekatwa kwa usahihi huo huo, na fundi wa jua kali atakayekutengenezea kwa bei ya nyumbani hatakupa usahihi huo. Atakupa kitu kinachopita kikiwa baridi na kinachopita kikiwa cha moto.

Waya ni bora. Nunua mita mbili za waya laini ya kufungia vyuma vya ujenzi, ifunge kati ya nguzo mbili imara, ining'inize kufuli au jiwe dogo katikati, na simamisha rula nyuma ya jiwe. Iwe imekazwa lakini ilegee kidogo, jiwe liwe limeshuka sentimita 2 hivi chini ya mstari ulionyooka. Kisha mtu mzima awashe mishumaa minne chini ya waya, imeachana. Waya ukipata wastani wa nyuzi 40 zaidi, utarefuka milimita 1 tu, lakini jiwe litashuka zaidi ya sentimita moja na nusu. Kulegea kwa katikati kunakuza kile ambacho jicho lisingekiona. Huo ndio ujanja niliosema unahitajika.

Kisha zima mishumaa na usiondoke. Waya ukipoa, jiwe lazima lirudi juu lilipokuwa. Lisiporudi, basi waya ulivutwa na uzito au fundo lililegea, na ulichoona si kutanuka. Watu wengi hukatisha jaribio kabla ya hapo, na hapo ndipo ushahidi ulipo.

Fanya asubuhi. Kisumu alasiri upepo wa ziwani huingia na kuzima mishumaa yote, na watoto huanza kuilinda kwa mikono, jambo ambalo hutaki.

Kifuniko cha chuma kilichokwama kwenye chupa ya jemu ni njia ya mkato: kimwagie maji ya moto, kitalegea. Ni kweli na kinasaidia jikoni, ila kama jaribio ni dhaifu. Kifuniko na glasi vyote vinatanuka. Kifuniko kimetangulia tu kwa kuwa joto limekifikia kwanza na chuma hutanuka zaidi kidogo. Jemu iliyokauka nayo imelainika. Mtoto mwerevu atakuuliza ni lipi kati ya hayo lililofungua, na hutakuwa na jibu safi.

Ukweli ni kwamba yabisi haihitaji jaribio sana kwetu, inahitaji mtu wa kukuonyesha kilipo. Bati la mita 3 likitoka nyuzi 20 za alfajiri hadi 60 za mchana huongezeka karibu milimita moja na nusu. Jua likizama linasinyaa, na hapo ndipo paa hulia tak, tak, watoto wakidhani ni paka. Msumari haurefuki pamoja na bati, kwa hiyo mwaka baada ya mwaka tundu hupanuka. Ule mpira ulio chini ya kichwa cha msumari upo kwa ajili ya mchezo huo, na ukikauka paa huvuja hata kama bati ni zima.

Reli iliyofika Kisumu Desemba 1901 nayo ni somo. Pande la reli la mita 12 huongezeka milimita 4 hivi kwa nyuzi 30, kwa hiyo kati ya vipande vilivyofungwa kwa bolti huachwa pengo. Bila pengo, reli ingejipinda mchana. Na mwenye nafasi ya kupita Olkaria, upande wa Naivasha ambako umeme wa mvuke umezalishwa tangu 1981, ayaangalie mabomba ya mvuke. Hayakunyooka. Kila baada ya mwendo fulani yamepindwa kama herufi U, yakapanda au yakatoka pembeni kisha yakarudi. Mtu angedhani fundi alikosea hesabu. Bomba refu likipokea mvuke wa moto lazima lirefuke mahali fulani, na pale kwenye mkunjo ndipo linapolegezea mwili.

Na kuyeyuka je?

Kazi nyingine za shule husema "athari za joto" na kumaanisha kubadilika hali: yabisi kuyeyuka, kimiminika kuchemka. Hapa uchaguzi ni rahisi. Mafuta ya nazi ya nywele, yale yasiyochanganywa, huyeyuka karibu na nyuzi 24. Kwenye kabati la Kisumu ni maji mchana kutwa. Kwenye kabati la Nakuru asubuhi ni donge jeupe. Chombo kile kile, mafuta yale yale. Ukiwa na ndugu upande wa pili, watoto watumiane picha kwa simu saa moja asubuhi, na kazi imekwisha bila kuwasha jiko.

Kwa kuchemka, kifaa unachohitaji ni kipimajoto cha dukani. Kisumu iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka karibu nyuzi 96. Nakuru iko karibu mita 1,850, huko ni 94 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, inakandamiza maji kwa nguvu ndogo, kwa hiyo chembe huponyoka kuwa mvuke mapema. Kitabu kimeandika 100 kwa kuwa kinazungumzia usawa wa bahari. Mtoto akileta daftari lenye 94, usimsahihishe.

Uchague vipi basi

Mwalimu mwenye darasa la watoto sitini asiwaze baluni sitini. Chupa za soda na sarafu kwa vikundi, chupa moja ya chai mezani kwake ya wote kuitazama ikishuka kisha kupanda, na yabisi waiandike kutoka nyumbani kwa kusikiliza paa jioni. Kwa mtoto wa darasa la tano au sita aliye peke yake, chupa ya chai, bila kusita. Mdogo wake anayetaka kushika kila kitu apewe sarafu. Aliye sekondari na anayependa hesabu mpe waya, rula na kikokotoo. Akipima urefu wa waya na mwendo wa jiwe, anaweza kukadiria mwenyewe waya ulirefuka kwa kiasi gani, na hapo utakuwa umempa kazi ya wiki.

Kama stima imepotea na una jiko la mkaa tu, bado chupa ya chai inawezekana, ila maji ya moto yapashwe kwenye sufuria pembeni, jiko libaki nje au mlangoni penye hewa, na beseni libebwe hadi kwa mtoto. Usiiweke chupa juu ya jiko lenyewe hata ikiwa ndani ya sufuria: sehemu ya chini hupata moto mkali kuliko maji yaliyoizunguka, na glasi hupasuka kuanzia kitako.